Aya ya Evarista

Kwa ndugu zake Marcelino, tasnifu ilikuwa ukurasa mmoja tu, ule wa shukrani. Kurasa nyingine mia moja na kumi na mbili, zenye majedwali ya unyevu na michoro ya maghala ya viazi, zilikuwa ganda la kuulinda ukurasa huo.

Nilifahamu hivyo mwezi Januari, nilipoipeleka nakala yenye jalada gumu nyumbani kwao Kilolo. Marcelino alikuwa amefariki miezi tisa kabla. Alikwisha kuitetea kazi yake mbele ya watahini, lakini joho hakulivaa. Chuo kilimtunuku shahada ya uzamili akiwa kaburini, na mimi, rafiki yake niliyeshirikiana naye meza moja ya kazi huko Mbeya, nikawa mbebaji wa kitabu. Baada ya misa ya kumwombea, watu waliketi uani, na baba yake mdogo, katekista Crispin, akasimama ili asome.

Katika ukoo ule, karatasi yoyote yenye majina ya watu husomwa hadharani, na kila anayetajwa husimama. Hivyo ndivyo wafanyavyo kwa wosia, kwa barua ya posa, hata kwa barua ya ndugu aliyeko mbali. Crispin alisoma Kiingereza kimoyomoyo, kisha akakitoa kwa Kiswahili. Alitaja wasimamizi wawili wa utafiti. Kwa kuwa hawakuwepo, nikaambiwa nisimame kwa niaba yao. Alitaja marehemu baba yake Marcelino. Wazee wawili wakasimama kwa ajili yake. Alipofika kwenye jina lake mwenyewe alinyamaza, akavua miwani, akaifuta, akasoma upya kwa sauti kubwa zaidi.

"Si umeshasimama, Crispin!" mama mmoja alimpigia kelele kutoka nyuma. "Unataka usimame mara ngapi?"

"Nilisimama kama msomaji," alijibu. "Sasa nataka kusimama kama mtajwa." Akaketi, akasimama tena, na vigelegele vikapigwa.

Akatajwa Happy, dada yake Marcelino. Kikatajwa kikundi cha wakulima kilichomruhusu kupima maghala. Mama yao, Evarista, alikuwa ameketi mkekani karibu na mlango wa jiko. Kadiri Crispin alivyokaribia chini ya ukurasa, ndivyo mama yule alivyojiweka tayari. Alifunga kitenge upya. Akaliondoa bakuli mapajani. Akakita kiganja kimoja ardhini. Wote tulijua anangoja nini, kwa maana mama hutajwa mwisho ili vigelegele vyake visikatizwe na jina la mtu mwingine. Crispin aliposoma, "Na wote ambao sikuweza kuwataja," Evarista alikuwa amekwisha kuinuka nusu, goti moja likiwa bado mkekani.

"Endelea," mtu alisema.

"Imeisha." Crispin aligeuza ukurasa, akaugeuza tena. "Hapa unaanza muhtasari."

Evarista alikaa vile kwa muda ambao hadi leo siwezi kuukadiria. Kisha akanyoosha mkono, akaliokota lile bakuli kana kwamba alikuwa ameinukia hilo tangu mwanzo, akaingia jikoni.

Sikuweza kuustahimili ukimya ulioachwa. Nilikichukua kitabu mikononi mwa Crispin, nikafungua Mchoro wa 4.3, nikamfuata hadi mlangoni na kusema kwa sauti ili uani nako wasikie: "Mama, wewe hukuwekwa kwenye orodha kwa sababu umepewa mchoro mzima. Hili ni ghala lako. Marcelino aliniambia mwenyewe."

Hakuwahi kuniambia hivyo.

Evarista alifuta mikono, akautazama mchoro kwa makini. Ulikuwa mchoro mzuri. Ghala lilikuwa limekatwa kama mkate ili ndani paonekane, viazi vimepangwa tabaka juu ya tabaka, mishale ya hewa baridi ikiingia chini na ya hewa ya joto ikitokea juu. Marcelino hakuuchora kwa mkono. Aliuandika. Kila ukuta ulikuwa amri yenye namba za mahali unapoanzia na namba za mahali unapoishia, na viazi vyote mia moja na arobaini vilizaliwa na amri moja iliyorudiwa.

"Ghala hili mlango uko kushoto," Evarista alisema. "Langu uko kulia. Hili ni la Jailos, wa ng'ambo ya mto." Akanirudishia kitabu kwa mikono miwili. "Lakini asante, baba. Nimeona ulichotaka kufanya."

Tulikula. Aliketi karibu nami akanieleza habari za viazi, kwa upole wa mtu anayemfariji mgeni aliyeaibika. Nilirudi Mbeya nikiamini kwamba Marcelino, kwa sababu ambazo nisingezijua kamwe, alikuwa amemsahau mama yake. Naona haya kusema kwamba nilimkasirikia.

Mwezi Agosti, Tumpe, mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili, alikuja ofisini akiomba msimbo wa ule mchoro wa ghala ili ajifunze jinsi viazi vilivyopangwa. Nililifungua faili la Marcelino kwa mara ya kwanza tangu kifo chake.

Sisi tulikuwa tukiandika kwa LaTeX. Kwa asiyeifahamu, niseme tu kwamba mwandishi wa namna hii haoni ukurasa wakati anaandika. Huandika maneno pamoja na amri katika faili la kawaida, kisha huiagiza kompyuta ilichakate faili na kumpa ukurasa uliokamilika. Na iko alama moja, ile ya asilimia: ukiiweka mwanzoni mwa mstari, kompyuta huuruka mstari huo. Maneno hubaki katika faili, yamegeuka rangi ya kijivu, lakini kwenye karatasi hayafiki. Sisi wawili tuliita tendo hilo kunyamazisha.

Nilikuwa nikiteremka kuelekea kwenye mchoro. Chini ya shukrani, baada ya maneno "wote ambao sikuweza kuwataja", palikuwa na mistari saba ya kijivu. Ilikuwa ya Kiswahili, Kiswahili pekee katika faili zima. Neno la kwanza lilikuwa Mama.

"Mwalimu, ni huo?" Tumpe aliuliza nyuma yangu.

Nilimwambia arudi kesho.

Ilinichukua muda mfupi sana kukumbuka, na ningependa ingenichukua muda mrefu. Aprili ya mwaka uliopita Marcelino alikuwa amelazwa. Figo zilikuwa zimechoka. Masahihisho ya watahini yalipaswa kufika chuoni siku hiyo kabla ya saa kumi na moja jioni, naye alikuwa amenitumia faili lake akinisihi nilimalizie. Saa tisa, faili likagoma. Kompyuta ilitoa ujumbe wa kosa, ikataja mstari usiokuwa na kosa lolote, kama ilivyo desturi yake. Nikafanya tunavyofanya sote: unanyamazisha nusu ya kazi, unachakata, ikipita, basi kosa limo katika nusu uliyoinyamazisha. Unairejesha robo, unanyamazisha robo nyingine, hadi umebana kosa mahali pamoja. Ni njia ya kuaminika, na ni ya haraka kwa sababu husomi. Unachagua mistari, unabonyeza kitufe, alama zinajipanga zenyewe.

Kosa lilikuwa ndani ya mchoro wa ghala. Bano moja lilifunguliwa na halikufungwa. Nililifunga. Nikapanda juu nikiondoa alama za asilimia, sura ya nne, sura ya kwanza, orodha ya vifupisho. Aya ile ya mistari saba nikaipita.

Ukurasa ulitoka nadhifu kabisa. Laiti ungetoka na doa, au na nafasi tupu, au na sentensi iliyokatika! Mstari ulionyamazishwa hauachi pengo. Maneno yaliyobaki husogea na kuketi mahali pake.

Nilimpigia simu Marcelino wodini.

"Imepita?" aliuliza.

"Imepita. Bano tu, bwana. Ulisahau kufunga bano kwenye ghala lako."

"Mama angesema viazi vingetoroka." Alicheka kwa shida. "Na shukrani zimekaa vizuri?"

"Vizuri sana. Ukurasa mmoja."

"Mmoja? Nilidhani itakuwa miwili."

"Umebana maneno vizuri," nilimwambia.

Alisema, "Haya, Asukile. Asante." Muuguzi alikuwa amefika na sindano. Siku tisa baadaye alifariki.

Niliziondoa zile alama saba siku ileile ya Agosti, nikahifadhi faili na kulichakata. Nililazimika kulichakata mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza orodha ya yaliyomo haikuwa imetambua kwamba kurasa zimehama. Shukrani zikamwagikia ukurasa wa pili, muhtasari ukasogea kutoka ukurasa wa sita hadi wa saba, na kila kilichofuata kikampisha Evarista. Nikauliza kama nakala ya maktaba ingeweza kubadilishwa. Nilijibiwa kwa adabu kwamba tasnifu iliyokwisha kupokelewa hurekebishwa pale tu matokeo yanapoguswa, na shukrani si matokeo. Basi nikachapa zile kurasa mbili, nikazitia katika bahasha, na siku ya Jumamosi nikapanda basi la Iringa.

Happy ana chumba cha ushonaji mtaa wa Mlandege. Alinikuta mlangoni akiwa na futi ya kupimia shingoni.

"Kaka Asukile! Umetuletea kitabu kingine?"

"Kurasa mbili tu."

"Afadhali. Kile cha kwanza kilituchosha." Lakini alikwisha kuuona uso wangu, akanivutia kigoda.

Nilimweleza yote. Alizisoma zile kurasa akiwa amesimama, na alipomaliza aliziweka juu ya cherehani, akaweka na mkasi juu yake ingawa hapakuwa na upepo.

"Mimi nakuamini," alisema. "Lakini si mimi niliyeinuka mbele za watu."

"Twende wote, basi. Ukiwepo wewe ataamini."

"Nitakwenda. Ila nakuonya, kaka. Mama hasahau. Mwezi wa pili alimwambia Jailos, ghala lako limeandikwa kitabuni, hata mlango wako wameuweka. Alikuwa anacheka. Nilipomtazama vizuri hakuwa anacheka."

"Kompyuta ya Marcelino iko wapi? Kule kutakuwa na faili lenyewe, lenye tarehe za wakati ule."

"Alipewa binamu yetu Yotamu. Akafuta kila kitu aweke miziki." Alitikisa kichwa. "Usimlaumu. Nani angejua?"

Tulifika Kilolo kesho yake, ukungu ukiwa haujaondoka, ingawa ilikuwa imekaribia saa sita mchana. Evarista alikuwa ndani ya ghala lake, akichambua viazi vya mbegu. Mlango ulikuwa kulia.

"Kamwene, mama. Shikamoo."

"Kamwene, marahaba. Mwalimu wa Mbeya! Umeikimbia baridi ya kwenu Iyunga, umekuja kuifuata hii?"

"Ya kwetu ina huruma kidogo, mama."

"Ya hapa haina. Kaa, utuchambulie. Chenye jicho bovu weka huku." Alinisogezea ndoo iliyogeuzwa. Happy akaketi kizingitini.

Nilichambua viazi vitatu au vinne kabla sijaweza kusema. "Mama, Marcelino alikuandika. Mimi ndiye niliyekunyamazisha."

Mikono yake haikusimama. Nilimweleza juu ya alama, juu ya faili lililogoma, juu ya kunyamazisha nusu kwa nusu. Nilijaribu kusema kwa lugha nyepesi. Nikasema ni kama kutafuta gunia lenye kiazi kinachooza: unatoa magunia nje, nusu kwa nusu, hadi harufu ikome, kisha unayarudisha mazima ndani. Mimi gunia moja nililiacha nje.

"Ulikuwa unatafuta kosa," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Likawa kwangu?"

"Hapana. Lilikuwa kwenye mchoro."

"Wa ghala la Jailos."

"Wa ghala la Jailos."

Alicheka kwa pumzi moja fupi, na Happy naye akacheka.

"Nionyeshe alipoandika," alisema Evarista.

Nilifungua kompyuta mpakato juu ya magoti yangu, nikamwonyesha ile mistari saba. Aliinama. Hakuwahi kwenda shule zaidi ya darasa la tatu, lakini barua za mwanawe za tangu sekondari alizihifadhi zote, na aliijua "M" yake kubwa iliyokuwa na mkia.

"Huu si mwandiko wake."

"Kompyuta haina mwandiko, mama. Kila mtu akiandika hutoka hivi."

"Hata wewe ukiandika?"

"Hata mimi."

"Na siku aliyoandika, haioneshi?"

Niliitazama tarehe ya faili. Ilikuwa ya Agosti. Nilipoziondoa zile alama na kulihifadhi, nililigusa faili, nalo likasahau mkono uliotangulia. Na ule ujumbe aliolitumia faili nao nilikuwa nimeufuta pamoja na jumbe nyingine za mwaka ule. Nilimweleza hayo pia. Kadiri nilivyoeleza kwa usahihi ndivyo nilivyojisikia nikifanana na mtu anayedanganya.

"Mama," Happy alisema, "mimi nimeisoma. Ni yeye."

"Wewe una moyo mwepesi kama marehemu baba yako." Evarista aliweka kiazi upande wa vibovu. "Haya, soma, mwalimu. Umetoka mbali."

Nikatoa kurasa katika bahasha na kusoma:

"Mama yangu mpendwa, Evarista: aya hii nimeiandika kwa Kiswahili ili asisimame mtu kati yako na mimi. Kabla sijajua namba ulinifundisha kupima, kiganja kati ya mbegu na mbegu, hatua kati ya tuta na tuta. Vipimo vyote vya kazi hii vilianzia mkononi mwako. Uliposema kwamba viazi vinapumua, nilikucheka. Nimetumia miaka miwili na vyombo vya watu kuthibitisha kwamba vinapumua. Unisamehe kile kicheko."

Nje, jogoo aliwika bila sababu. Evarista alikuwa ameacha kuchambua.

"Ni maneno mazuri," alisema hatimaye.

"Ni ya Marcelino, mama."

"Marcelino hakuwa akiniita mama mpendwa. Akitaka kunishukuru alikuwa anapasua kuni, anazipanga pale, anaondoka bila kuaga." Alisema bila ukali wowote. "Na hayo ya viazi kupumua nilikuambia mimi, Januari, tulipokuwa tunakula. Ulikuwa umekaa kushoto kwangu. Ukasema, kumbe!"

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimesema hivyo hasa.

"Sikukasirikii, Asukile. Uliniona nimeaibika ukanipa ghala. Halikunitosha, umekwenda umekaa miezi saba, umenitungia hili. Mwanangu alikuwa na rafiki." Alinigusa bega kwa kiganja chenye udongo. "Inatosha sasa, baba. Usijisumbue tena."

Ningeweza kuapa, na nikafikiri juu ya kuapa. Lakini Januari pia nilikuwa nimesema Marcelino aliniambia mwenyewe, tena mbele ya katekista, nikiwa nimebeba kitabu chake. Kiapo changu kilikuwa kimekwisha kutumika. Happy alikuwa akilia kimya kizingitini, akijifuta kwa ile futi ya kupimia.

Nilizikunja kurasa. Nilikuwa ninazirudisha katika bahasha Evarista aliposema, akitazama lile tabaka la viazi lililokuwa mbele yake:

"Alinicheka?"

"Ndivyo alivyoandika, mama."

"Sikumbuki kama alinicheka." Alimgeukia binti yake. "Wewe ulikuwepo? Ni siku gani aliyonicheka?"

"Labda nilikuwa shule, mama. Sijui."

"Hakuwa mtoto wa kumcheka mtu." Aliokota kiazi, akakigeuza, akakifuta udongo kwa kidole gumba, akakigeuza tena. Paji la uso wake lilikuwa limekunjamana kama la mtu anayejaribu kuisikia sauti iliyo ng'ambo ya pili ya bonde. "Hicho wewe hukuambiwa na mtu. Mimi sikukuambia."

"Hapana, mama. Hukuniambia."

"Lakini mtu anaweza kukitunga."

"Anaweza," nilisema, kwa sababu ilikuwa kweli.

Alikaa hivyo, kiazi mkononi, akimtafuta mwanawe akicheka katika miaka yote aliyomlea, na nikaona kwamba hampati. Kisha akavuta mkeka karibu na ndoo niliyokalia, akainamisha kichwa.

"Soma tena," alisema. "Anzia pale anaponicheka."